Niliandika "anaficha jambo" kwa sababu mteja hakunitazama machoni. Je, lugha ya mwili inasomeka kweli?

AfisaWaZiwani ameuliza:

Habari za jioni, ndugu zangu. Mimi ni afisa mikopo katika taasisi moja ya fedha hapa Mwanza. Nina miaka 3 kazini, na kabla ya kuletwa huku niliishi Dar es Salaam tangu kuzaliwa. Naomba mnisaidie kufikiri, kwa sababu kosa nililomfanyia mteja wangu linafanana mno na hukumu ambayo mimi mwenyewe nimeipata kwa wakubwa wangu, na nimeshindwa kuyatenganisha mambo haya mawili.

Tulipoajiriwa tulipewa mafunzo ya siku 2 ya mawasiliano kazini. Tulifundishwa kwamba asilimia 93 ya mawasiliano hupita nje ya maneno na kwamba maneno yenyewe hubeba asilimia 7 tu. Kwamba mtu anayekwepa macho, anayejishikashika au anayekawia kujibu swali jepesi ana jambo analolificha. Na kwamba kabla ya kikao kigumu inafaa kusimama faraghani kwa dakika 2, mikono kiunoni na miguu imepanuliwa, ili mwili uzalishe ujasiri. Niliyaandika yote daftarini na nikayaamini, kwa kuwa yalikuja na tarakimu, nami kazi yangu ni tarakimu.

Mwaka uliofuata alikuja mama mmoja anayeuza dagaa katika soko la Mwaloni, Kirumba, akiomba mkopo wa shilingi milioni 4 ili anunue mzigo kwa wavuvi wenyewe badala ya kupitia kwa madalali. Alikuwa na barua ya mwenyekiti wa mtaa, wadhamini 2 na daftari la mauzo lililoandikwa kwa penseli. Alipofika mezani pangu alipiga goti kidogo, akanisalimia, kisha akakaa ukingoni mwa kiti, ncha ya kanga ameiviringisha kidoleni na macho ameyaelekeza sakafuni. Nilipomuuliza anaingiza kiasi gani kwa wiki, alinyamaza kwa muda ambao kwangu ulikuwa mrefu, halafu akasema, "Inategemea, baba." Niliuliza tena kwa namna nyingine, akajibu vilevile. Katika ripoti yangu niliandika: "Mteja hatazami machoni na anasita kutaja mapato; inaonekana anaficha jambo." Kamati ya mikopo iliisoma sentensi hiyo na maombi yake yakakataliwa.

Miezi 9 baadaye nilimkuta palepale Mwaloni akisimamia vijana waliokuwa wakipakia magunia kwenye lori. Alinisalimia kwa heshima ileile, macho yake chini vilevile, akaniambia bila kinyongo kwamba alipata fedha kwenye kikundi cha akina mama na kwamba ameshamaliza marejesho yote. Sikulala vizuri usiku ule.

Sasa upande wa pili. Mwezi uliopita niliomba nafasi ya kusimamia maafisa wenzangu 6, nikaikosa. Niliambiwa kwamba kazi yangu ni nzuri lakini "sijiamini," kwa kuwa ninapozungumza na wakubwa ninainamisha kichwa na sauti yangu inashuka. Nimelelewa na bibi ambaye alinifundisha kwamba kumkazia macho mtu aliyekuzidi umri ni utovu wa adabu. Kwa hiyo nimemhukumu mama wa watu kwa jambo lilelile ambalo nami nimehukumiwa kwalo.

Naomba kujua: je, yale tuliyofundishwa yana msingi wowote? Na je, mtu aliyelelewa kama mimi ajirekebishe vipi bila kuwa mtu mwingine?

MstaafuWaMikopo amejibu:

Mwanangu, pole, na ahsante kwa kuliandika jambo hili waziwazi. Nimefanya kazi ya mikopo midogo kandokando ya Ziwa Victoria kwa zaidi ya miaka 20, Musoma, Mwanza na Bukoba, na sasa nimestaafu. Nitaanza na lile neno "inategemea," kwa sababu ndilo lililobeba habari yote uliyokuwa unaitafuta.

Dagaa wa ziwa hili huvuliwa usiku kwa taa. Zamani zilikuwa karabai, siku hizi ni taa za betri na za sola, lakini kanuni ni ileile: dagaa hufuata mwanga, na mwanga wa taa huwavuta pale tu ambapo usiku ni wa giza. Mbalamwezi inapokuwa kubwa taa hazifui dafu, kwa hiyo wavuvi wengi hukaa nchi kavu, wakashona nyavu na kutengeneza mitumbwi, kwa siku kadhaa kabla na baada ya mwezi mpevu. Hapo mfanyabiashara wa Mwaloni hana mzigo mpya. Giza likirudi, mzigo unamiminika na bei inashuka. Ongeza mvua: dagaa wa kuanikwa wakinyeshewa kwenye chanja au mchangani hupoteza ubora, na aliyetarajia kuwauza kwa chakula cha watu huishia kuwauza kwa watengenezaji wa chakula cha kuku kwa bei ya chini. Ongeza pia wanunuzi wa kutoka Congo, Rwanda na Burundi, ambao wakifika kwa wakati mmoja soko linachangamka, na wakikwama mpakani magunia yanalala ghalani.

Sasa mama kama huyo ukimuuliza anaingiza kiasi gani "kwa wiki," unamuuliza swali ambalo halina jibu la kweli. Mtu mwongo angekutajia tarakimu moja nzuri papo hapo, akikutazama machoni kabisa, kwa sababu anajua ndiyo unayoitaka. Yeye alinyamaza akitafuta namna ya kukwambia kweli pasipo kukuonyesha kwamba swali lako lina kasoro, kwa kuwa kumsahihisha mwenye meza si adabu. Ungemuuliza, "Giza lililopita ulinunua magunia mangapi, na uliyauza kwa nani?" angekujibu bila kusita.

Kuhusu goti na macho, huku Usukumani mwanamke kupiga goti anaposalimia ni malezi ya kawaida, na mwenye malezi hayo hamkodolei macho mtu anayemwomba jambo. Hata angekuwa amekuzidi umri kwa miaka 20, pale mezani wewe ndiwe uliyekuwa na madaraka. Hukumwona mtu aliyekuwa akificha kitu. Ulimwona mtu aliyekuwa akikuheshimu.

Mimi nilipokuwa kazini sikuandika ripoti ya mteja kabla sijamtembelea sokoni, na nilipofika sokoni sikumtazama yeye kwanza. Nilitazama kama wavuvi wanamwachia mzigo kwa mali kauli, yaani auze kwanza ndipo alipe. Hilo kwangu lilikuwa kubwa kuliko dhamana yoyote, kwa sababu mvuvi anayetoa mali kauli amekwisha kufanya tathmini ya mkopo kwa fedha yake mwenyewe, na hakosei mara nyingi. Nilimuuliza jirani yake wa meza, nilimuuliza mwenye mzani, na nililinganisha daftari na miamala ya simu. Macho ya mteja hayakuwa na safu yake katika fomu yangu.

MkufunziWaMawasiliano amejibu:

Ndugu AfisaWaZiwani, ninafundisha mawasiliano ya kibiashara chuoni, na kwa miaka kadhaa mimi mwenyewe nilifundisha ile asilimia 93 kabla sijaisoma kazi ilikotoka. Kwa hiyo ninalo deni la kulieleza jambo hili kwa ukamilifu.

Tarakimu hizo zinatokana na majaribio 2 yaliyochapishwa mwaka 1967 na Albert Mehrabian wa Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, pamoja na wenzake. Katika jaribio la kwanza watu walisikilizishwa maneno 9, moja moja, yakitamkwa kwa sauti za namna mbalimbali, kisha wakaulizwa msemaji ana hisia gani. Katika la pili lilitumika neno moja tu, lenye maana ya "labda," likitamkwa kwa sauti 3 tofauti huku msikilizaji akionyeshwa picha za nyuso. Matokeo ya majaribio hayo yakaunganishwa kuwa mlinganyo mmoja: maneno asilimia 7, sauti asilimia 38, uso asilimia 55. Kilichopimwa ni kitu chembamba sana, nacho ni hiki: mtu akitamka neno moja kuhusu hisia zake, na neno hilo likapingana na sauti au uso wake, msikilizaji huamini nini? Mehrabian mwenyewe ameeleza kwamba mlinganyo wake hauhusu mawasiliano yote, bali mazungumzo ya hisia na ya kupenda au kuchukia.

Pima mwenyewe. Kama maneno yangebeba asilimia 7 tu ya ujumbe, mama yule angeweza kukueleza riba ya kikundi chake, idadi ya magunia na tarehe ya mwisho ya marejesho kwa uso na mikono, nawe ungepungukiwa na kitu kidogo tu. Haiwezekani. Katika biashara sehemu kubwa ya kinachojadiliwa ni bei, kiasi, tarehe na masharti, na vitu hivyo huishi ndani ya maneno. Sauti na uso huongeza jambo lingine: huonyesha kama anayesema ana haraka, ana hofu, ameudhika au ametulia. Hilo nalo lina thamani, ila halisemi fedha zimetoka wapi.

Kuhusu kumtambua mwongo kwa kumtazama, Charles Bond na Bella DePaulo walikusanya mwaka 2006 matokeo ya tafiti nyingi zilizohusisha waamuzi zaidi ya 24,000, na wastani wa kupatia ukawa asilimia 54. Anayerusha sarafu hupata 50. Waliofanya kazi ya kuhoji watu kila siku hawakuwa mbele ya wengine kwa tofauti ya kutajika. Kwa hiyo ulipoandika "inaonekana anaficha jambo," ulitumia kipimo ambacho hakikuzidi sana kurusha sarafu, na kamati ikakichukua kama ushahidi kwa kuwa kilikuja kwa maandishi na saini.

Lile la kusimama mikono kiunoni lina historia yake. Mwaka 2010 Dana Carney, Amy Cuddy na Andy Yap walichapisha utafiti wa watu 42 uliodai kwamba mkao wa kujitanua hupandisha homoni ya testosteroni, hushusha kotisoli, homoni ya msongo, na humfanya mtu athubutu zaidi. Mwaka 2012 Cuddy alitoa hotuba iliyosambaa duniani kote. Lakini mwaka 2015 Eva Ranehill na wenzake walirudia jaribio hilo kwa watu 200, na homoni hazikubadilika wala uthubutu haukuongezeka; watu walisema tu kwamba wamejihisi wana nguvu zaidi. Mwaka 2016 Carney mwenyewe aliandika hadharani kwamba haamini tena kwamba athari hiyo ni ya kweli. Mkao huo ukikutuliza kabla ya kikao, utumie. Usitegemee tu kwamba utaifanya kazi ya kujiandaa.

Ninachokushauri ni kitu kimoja cha maandishi. Katika ripoti yako tenganisha ulichokiona na ulichokidhani. "Aliinamisha macho alipoulizwa mapato" ni ulichokiona. "Anaficha jambo" ni ulichokidhani, na dhana ni lazima ifuatwe na swali la pili, la tatu, na ziara ya sokoni, ndipo iingie kwenye karatasi itakayosomwa na watu ambao hawakuwepo.

MuuzaVitenge amejibu:

Mkufunzi amesema vema, lakini naomba asituache tukadhani kwamba mwili hausemi kitu. Nina duka la vitenge Kariakoo, na kila siku ninauza kwa kutazama mikono. Mteja anayeuliza bei akiwa amesimama mlangoni bado anapita. Mteja aliyekigusa kitambaa mara moja anatamani. Aliyekigusa, akakiacha, akatazama vingine viwili kisha mkono wake ukarudi kwenye kile cha kwanza, huyo amekwisha kuchagua, na mazungumzo yaliyobaki ni ya bei tu.

Tofauti ninayoiona ni kwamba mimi sisomi tabia ya mtu, nasoma anachokifanya na mali iliyo mbele yake; na nikikosea, hasara ni yangu ya dakika 10, si yake ya milioni 4. Pia wateja wangu wa kudumu nawafahamu walivyo siku zote. Yule mwenye maneno mengi akija kimya, najua kuna jambo. Mtu niliyemwona leo kwa mara ya kwanza sina cha kumlinganisha nacho, kwa hiyo sina ninalojua.

WakalaWaMatrah amejibu:

Assalaam alaykum. Nami ni Mwoman mwenye asili ya Zanzibar, ninafanya kazi ya uwakala wa mizigo hapa Matrah, Muscat, na Kiswahili ndiyo lugha ya nyumbani kwetu. Nataka kuongeza ushahidi wa upande wa huku kwa sababu nimeshuhudia mgeni mwenye bidhaa nzuri akiondoka mikono mitupu, na hakuelewa kwa nini.

Alikuja kijana kutoka Afrika Mashariki kuzungumza na mfanyabiashara mmoja mzee. Nilikuwa mkalimani. Kijana alikuwa amefundishwa kuonyesha kujiamini, kwa hiyo alikaa akiwa ameegemea, mguu mmoja juu ya goti la mwingine, soli ya kiatu ikimtazama mwenyeji wake. Kahawa ilipoletwa aliipokea kwa mkono wa kushoto kwa kuwa wa kulia ulikuwa kwenye kompyuta aliyokwisha kuifungua, ingawa salamu hazijaisha. Hakujua pia kwamba finjani hutikiswa kidogo kumwonyesha mhudumu kwamba umetosheka, basi akawa anajaziwa na yeye anakunywa, naye anazidi kuwa na wasiwasi. Mzee alimsikiliza kwa upole mpaka mwisho, akamshukuru, na hakupiga simu tena.

Kila alichokifanya kijana yule kingekuwa sawa katika ofisi nyingine. Hakukosa ujasiri wala heshima moyoni. Alikosa mtu wa kumuuliza jana yake. Mimi nilikuwepo na sikuulizwa, na hadi leo najuta kwamba nilingoja kuulizwa.

MenejaWatuNairobi amejibu:

Ndugu yangu, wengine wamelijibu vema swali la mama wa Mwaloni. Nitajibu lile la pili, kwa kuwa ninasimamia idara ya rasilimali watu hapa Nairobi na nimekaa katika vikao vingi vya kupandisha watu vyeo, na ninajua sentensi ya "hajiamini" hutoka wapi.

Mara nyingi hutoka kwa msimamizi aliyeona kitu asichoweza kukitaja. Kwa hiyo hatua yako ya kwanza iwe kumrudia meneja wako kwa adabu na kumwomba akutajie tukio: ni kikao gani, nilisema nini, ulitarajia nifanye nini? Asipoweza kutaja hata tukio moja, utakuwa umemsaidia kuona kwamba hukumu yake imesimama juu ya hisia. Akitaja, utakuwa na kitu cha kufanyia kazi. Nenda pia na karatasi moja yenye rekodi yako: idadi ya wateja, na hasa kiwango cha mikopo yako iliyochelewa kurejeshwa kwa zaidi ya siku 30 ukilinganisha na cha tawi zima. Kama kiwango chako ni kizuri, hicho ndicho kinapaswa kuwa mada ya kikao. Weka karatasi mezani, itaje tarakimu, kisha nyamaza na umwache aisome.

Sehemu ya sauti siwezi kukuficha kwamba inahitaji kurekebishwa, kwa sababu anayesimamia watu 6 lazima asikike. Lakini sauti inayoshuka mwishoni mwa sentensi kwa kawaida haitokani na tabia, inatokana na kutojua sentensi inakwenda kuishia wapi. Jizoeze kuanza na jibu, ndipo ulete sababu. Usiseme, "Nilikuwa nimefikiria kwamba labda, kwa kuangalia hali ya wateja wa Kirumba..." Sema, "Napendekeza tubadilishe ratiba ya marejesho ya wauza dagaa. Sababu ni 2." Jirekodi kwa simu ukisema maneno hayo mara 5. Utajichukia mara ya kwanza unapojisikiliza, na sote tumepita hapo.

Kama unaweza, tafuta klabu ya Toastmasters, ambako watu hujizoeza kuzungumza mbele ya wengine. Chama hicho kilianzishwa mwaka 1924 huko Santa Ana, California, na kina klabu katika miji mingi ya Afrika Mashariki. Ninachokipenda ni utaratibu wake: hotuba ya kawaida ni dakika 5 hadi 7 na kuna mtu anayeshika saa, kuna zamu ya kupewa mada papo hapo na kuizungumzia kwa dakika 1 au 2, na kuna mtu ambaye kazi yake ni kuhesabu kila "aa," "yaani" na "kwa hiyo" ulizozitumia bila sababu. Mara ya kwanza nilihesabiwa "yaani" 23, na nilikuwa nimefanya kazi ya kuongea na watu kwa miaka 11.

Kuhusu macho, usimwache bibi yako. Mwamkie mkubwa huku umeinama kama ulivyolelewa, kisha salamu zikiisha na kazi ikaanza, inua uso unapotaja pendekezo lako na unapotaja tarakimu. Katikati tazama karatasi, tazama dirisha, haidhuru. Hakuna mtu anayehitaji kutazamwa machoni kwa dakika 30, na wala mkubwa wako hataki hivyo. Anataka kujua kama utasimama na neno lako pale atakapokupinga.

AfisaWaZiwani ameandika tena:

Shikamoo, Mzee Mstaafu, na ninyi nyote nawashukuru. Nimesoma kila neno zaidi ya mara moja.

Jumamosi asubuhi nilikwenda Mwaloni. Nilisubiri mama amalize kupima mzigo wa mnunuzi mmoja, nikamwamkia, nikamwomba radhi kwa kile nilichokiandika. Nilimsomea sentensi yenyewe. Alinyamaza kwanza, halafu akauliza kama sentensi ile bado iko kwenye faili. Nilimwambia ipo. Akasema, "Basi iondoe, ndipo tuzungumze." Hakusema kwa hasira, lakini safari hii alinitazama.

Jumatatu nilimwona meneja wa tawi. Kwa utaratibu wetu ripoti ya zamani haiwezi kufutwa, ila ameniruhusu kuambatisha masahihisho yenye saini yangu yanayosema kwamba dhana yangu haikuwa na ushahidi. Pia amekubali tujaribu kwa miezi 3 fomu yenye safu 2, moja ya kilichoonekana na nyingine ya kilichodhaniwa, na dhana isiyofuatwa na ziara haitapelekwa kwenye kamati. Nilianza na pendekezo, ndipo nikaleta sababu. Sauti ilitetemeka kidogo lakini haikushuka.

Nilirudi sokoni jana na nakala ya masahihisho. Nikamuuliza lile swali la Mzee: giza lililopita ulinunua magunia mangapi? Alinijibu palepale, mpaka majina ya mitumbwi na nani alimpa mali kauli. Anataka kuomba tena, safari hii milioni 6.

Mzee, nimebakiwa na tatizo moja. Mfumo wetu wa kompyuta unapokea ratiba ya marejesho ya wiki au ya mwezi wa kalenda tu. Ninyi mlikuwa mnaipangaje ratiba inayofuata giza?

MstaafuWaMikopo amejibu:

Marahaba, mwanangu. Weka ya mwezi, na tarehe iangukie siku chache baada ya giza kuisha, wakati ameshauza na bado hajatumia. Lakini ujihadhari na jambo hili: mwezi wa angani una siku 29 na nusu, kwa hiyo giza litakuwa linaitangulia tarehe yako kidogo kidogo, na baada ya miezi 12 litakuwa limesogea kwa siku kama 11. Ni hesabu ileile inayoifanya Ramadhani irudi nyuma kila mwaka. Mkopo wa miezi 6 unaweza kuuacha na tarehe moja. Ukiwa wa mwaka, andika katika mkataba tangu mwanzo kwamba tarehe itapangwa upya kila baada ya miezi 3, na umwache mama mwenyewe akutajie siku, kwa sababu yeye anaujua mwezi kuliko kalenda yako ya ukutani.